MRI ya kiuno kwa mrushaji wa kriketi: jinsi ya kuukamata mfupa uliochoka kabla haujapasuka

Kijana wa miaka 16, anarusha mpira wa kriketi kwa kasi, mkono wa kulia. Wiki ya tatu sasa kiuno kinamuuma upande wa kushoto tu, akijipinda kwenda nyuma anakunja sura, akilala maumivu yanapoa. Akapelekwa akapigwa eksirei ikatoka safi, akaambiwa ni misuli, akapewa vidonge na dawa ya kuchua, akarudi uwanjani. Miezi minne baadae ndo analetwa kwetu kwenye chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na mfupa umeshakatika pande zote mbili. Mimi kazi yangu ni kuendesha hio mashine na kisa kama hiki nimekiona mara nyingi mno, sura tofauti lakini njia ile ile, ndo maana nimekaa nikaandika hii kwa ajili ya makocha, mafizio, wazazi na wachezaji wenyewe.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi ya hicho. Wapo wanaofanyiwa kabisa MRI, wanalipa laki kadhaa, wanaambiwa mgongo uko safi, kumbe MRI waliyofanyiwa ni ile ya kutafuta matatizo ya diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili na pingili. MRI ya kiuno ya kawaida imepangwa kwa ajili ya mtu mzima anaeumwa diski na mishipa inayoshuka mguuni. Ukimuingiza mtoto wa mazoezi kwa mpangilio huo huo, sehemu inayomuuma inaweza isipigwe picha vizuri kabisa. Mashine inajibu lile swali uliloiuliza, kwa hiyo karibu kila kitu hapa chini kinahusu namna ya kuiuliza.

Tuanze na mfupa wenyewe. Kila pingili ya kiuno ina gogo kwa mbele, alafu nyuma yake kuna pete inayozunguka uti. Kwenye hio pete, kulia na kushoto, kuna kidaraja chembamba cha mfupa kinachounganisha kiungo cha juu na kiungo cha chini, madaktari wanakiita pasi intaatikulari, kwenye ripoti utakuta wameandika tu "pars". Hapo ndo panapochoka. Pingili ya 5 ya kiuno, yaani L5, ndo inayoongoza kwa mbali, inafuata L4. Mrushaji anapotua mguu wa mbele ardhi inamrudishia nguvu mara 5 au zaidi ya uzito wake, na sekunde hio hio kiuno kimepinda nyuma, kimelala ubavuni na kinazunguka, kwa hiyo kidaraja kimoja kinabanwa kuliko mwenzake. Anaerusha kwa mkono wa kulia mara nyingi anaumia kushoto, wa kushoto anaumia kulia. Sio kriketi peke yake, wacheza jimnastiki, warusha mkuki, wanyanyua vyuma, hata watoto wa mpira wa miguu wanapata, ila kriketi ndo imesomwa sana na mimi ndo ninaijua.

Mfupa ni kitu hai, unavunjwa kidogo kidogo na kujengwa upya kila siku. Mzigo ukiongezeka haraka kuliko ukarabati, unaanza kupata nyufa ndogo ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, uboho wa pale ndani unajaa maji maji, hapo tunasema mfupa umechoka lakini haujapasuka. Ukiendelea kuupiga ndo gamba la nje linapata ufa, na ukiendelea zaidi ufa unavuka mfupa mzima. Eksirei inaona hatua ya mwisho tu na hata hio inaikosa mara nyingi. CT skani, yaani eksirei ya kompyuta ya vipande vipande, inaonyesha mstari wa ufa vizuri sana, hakuna kinachoishinda hapo, lakini maji ya ndani ya uboho haiyaoni na inamimina mionzi kwenye nyonga za mtoto. MRI inayaona yale maji, wiki nyingi kabla ya ufa, na haina mionzi. Hio ndo faida yake yote kwenye jambo hili.

Niwape na historia kidogo maana inanigusa. Mwaka 1973 Dennis Lillee wa Australia, mmoja wa warushaji wa kasi waliotisha sana duniani, mgongo wake ulipasuka akiwa ziarani West Indies na ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja kurudi kwenye mechi kubwa. Mwaka huo huo 1973 Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza kabisa ya mbinu iliyokuja kuwa MRI, picha ya vijichupa vya maji, binadamu wa kwanza kupigwa picha mwilini ilikuwa mpaka 1977. Yaani mgonjwa na kipimo walizaliwa mwaka mmoja ila hawakukutana. Sisi leo tunavyo vyote viwili, hatuna kisingizio.

Nani apelekwe

Sio kila anaeumwa kiuno. Lakini kama ana miaka kati ya 10 na 25, anafanya mchezo wa kupinda mgongo, maumivu ni ya kiunoni chini na yamekaa zaidi ya wiki 2 au 3, yanazidi akicheza na kupungua akipumzika, yanauma zaidi akijipinda nyuma kuliko akiinama mbele, na hasa kama ni upande mmoja, huyo msimpe dawa ya kuchua mkamwacha. Kuna utafiti wa Marekani wa 1995 ulioangalia vijana wanamichezo 100 waliokwenda kliniki kwa maumivu ya kiuno, 47 kati yao wakakutwa na tatizo la hiki kidaraja. Karibu nusu! Kuna kile kipimo cha fizio cha kusimama kwa mguu mmoja na kujipinda nyuma, kifanyeni, ila msikitegemee peke yake, kinakosea sana pande zote, kuna wanaoumia hakiwaumi na kuna wazima wanaolalamika.

Alafu kuna dalili ambazo zinabadilisha kila kitu. Homa, kupungua uzito, jasho la usiku, maumivu yanayomwamsha usiku hata kama hajacheza, hizo huku kwetu lazima uwaze kifua kikuu cha mgongo, na kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi uwaze brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, hio ni hospitali leo leo, usisubiri miadi. Na kama mtoto ana selimundu semeni mapema kabisa, maana uboho wake unang'aa kwenye MRI kwa sababu zake nyingine na daktari wa kusoma asipojua atachanganya.

Fomu ndo nusu ya kazi

Mimi nikipokea fomu imeandikwa "maumivu ya mgongo" basi nitapiga ile ya kawaida, sina namna, foleni ni ndefu na sijui unatafuta nini. Mwambieni daktari anaewaandikia aweke haya, kwa lugha yake ya kitabibu: umri, mchezo gani, anarusha kwa mkono upi, inauma upande upi, tangu lini, mara ya mwisho kurusha ni lini, na mstari mmoja unaosema wazi kwamba swali ni uchovu au ufa wa pasi, L3 mpaka L5, tunaomba STIR (aina ya picha, nitaieleza chini) na vipande vyembamba. Huo mstari mmoja unaokoa kipimo kizima. Kama daktari hana muda, andikeni kwenye karatasi mje nayo mumpe anaeendesha mashine, mimi binafsi nikipewa karatasi ya hivo nafurahi, sio kwamba mnanifundisha kazi.

Na msisubiri mtoto apumzike miezi miwili ndo aje, maji ya kwenye uboho yanapungua akipumzika, njooni maumivu yakiwa bado ya moto.

Ndani ya mashine tunafanya nini

Hapa naongea zaidi na wenzangu wa mionzi na mafizio wanaotaka kujua waombe nini.

STIR ndo mama. Ni aina ya picha inayozima mwanga wa mafuta ili maji yabaki yanang'aa peke yake. Uboho umejaa mafuta, kwa hiyo bila kuyazima maji kidogo ya mfupa uliochoka yanafichwa humo humo. Zipo njia nyingine za kuzima mafuta na kwenye mashine ya Tesla 1.5 au 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) zinafanya kazi vizuri, lakini kwenye mashine za wazi zenye nguvu ndogo, zile za Tesla 0.2 au 0.3, ile njia ya kuzima mafuta kwa kuchagua mawimbi yake haishiki, STIR inashika. Kwa hiyo hata kama mji wenu una mashine ndogo msikate tamaa, ombeni STIR, picha itakuwa na chenga chenga na itachukua muda ila mara nyingi maji yataonekana.

Vipande viwe vyembamba, milimita 3 bila kuacha nafasi katikati. Kidaraja chenyewe ni kidogo, ukikata vipande vya milimita 4 au 5 na kuruka nafasi unaweza kupita juu yake kabisa. Zile picha za kukata kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine zivuke pasi ya kulia na ya kushoto mpaka zitoke nje kidogo, nimeona picha nyingi zimeishia katikati kwa sababu wa diski hahitaji zaidi ya hapo.

Alafu zile za kukata mlalo, kama mkate wa slaisi. Kwenye mpangilio wa diski tunazilaza zifuate kila diski, vipande vitatu vinne hapa, tunaruka, vitatu vinne pale. Na kile tunachoruka katikati ya diski na diski ndiko pasi iliko!! Hii ndo sababu kubwa ya ripoti safi kwa mtoto mwenye ufa. Piga mfululizo kutoka L3 mpaka juu ya sakramu, ule mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, bila kuruka.

Ongeza T1, aina nyingine ya picha ya MRI, ya vipande vyembamba kwa ajili ya kuangalia gamba la mfupa kama limekatika, na kama mashine yako ni mpya ina zile sikwensi za 3D zinazoonyesha mfupa karibu kama CT, zitumie, zinasaidia sana kutofautisha mfupa uliochoka na uliopasuka tayari. Dawa ya kuchoma kwenye mshipa, gadolinia, haihitajiki kwa swali hili, mkiambiwa mlipie ulizeni kwa nini. Kama kuna shaka ya kifua kikuu au uvimbe hapo sawa, ni swali jingine.

Na hesabuni pingili vizuri. Kuna watu L5 yao imeungana na sakramu, au wana pingili ya ziada, mkihesabu vibaya mara hii na vizuri mara ijayo mtadhani kuna jeraha jipya.

Siku ya kipimo kwa mchezaji

Kula kawaida, kunywa maji kidogo, kojoa kabla ya kuingia. Vua kila chuma: mkanda, saa, hereni, vibanio vya nywele, sidiria yenye waya. Shanga za kiunoni na hirizi naziulizia kila mara, kwa heshima na faragha, kwa sababu uzi wake au kifuko chake kinaweza kuwa na chuma na vimekaa pale pale tunapopiga picha, vinaharibu picha nzima. Kama una kifaa cha moyo, klipu kwenye ubongo, risasi au kipande cha chuma mwilini, sema kabla ya mlango. Kama uliwahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma sema pia, chembe iliyojificha kwenye jicho ni hatari sana humo ndani, tutakupiga eksirei ya macho kwanza. Wasichana wenye mimba au wanaohisi, semeni.

Utalala chali, mto chini ya magoti, dakika 20 mpaka 40. Kelele ni kubwa kama mtu anagonga bati, utapewa vya kuziba masikio. Kama kulala chali kunauma meza dawa ya maumivu nusu saa kabla, maana ukijitikisa milimita mbili tu kile kidaraja cha milimita chache kinakuwa ukungu. Mzazi anaruhusiwa kukaa ndani na mtoto akishakaguliwa, ombeni.

Kusoma majibu

Kusoma ni kazi ya daktari wa radiolojia, lakini mnaweza kuielewa ripoti. Wengi wanatumia ngazi za Hollenberg za mwaka 2002. Ngazi 0 ni mzima. Ngazi 1 kuna maji kwenye uboho lakini gamba la mfupa halijakatika, huyu ndo tunaemtafuta, mfupa umechoka tu. Ngazi 2 ufa umeanza ila haujavuka. Ngazi 3 ufa umevuka na maji bado yapo, maana yake jeraha ni bichi na bado kuna nafasi ya kuunga. Ngazi 4 ufa umevuka na maji yameisha, hili ni la zamani, mara nyingi haliungi tena na mtu anajifunza kuishi nalo kwa mazoezi. Na jueni kwamba kama asilimia 6 hivi ya watu wazima wana ufa wa namna hii bila hata kujua, kwa hiyo ngazi ya 4 peke yake sio lazima iwe ndo inayouma leo.

Ulizeni pia upande wa pili ukoje. Ufa wa upande mmoja unahamishia mzigo kwa mwenzake, na mara nyingi mwenzake ameshaanza kung'aa. Zikikatika zote mbili pingili inaweza kuanza kuteleza mbele, inaitwa spondilolistesisi.

Mitego ipo. Pasi yenye mfupa mgumu mgumu inatoka nyeusi kwenye T1 na kudanganya kama ufa. Kiungo kidogo cha nyuma kikivimba kinang'aa jirani tu na pasi. Na wapo warushaji wanaong'aa kwenye STIR bila maumivu yoyote, ndo maana picha inasomwa pamoja na mtu. Ikiwa mstari wa ufa una utata, hapo CT ya pingili moja tu, kwa dozi ndogo, ina nafasi yake. Kwa upande wa kifua kikuu, chenyewe kinapenda gogo la mbele na diski na usaha pembeni, uchovu wa mazoezi unakaa kwenye pete ya nyuma, kwa hiyo ulizeni maji yako wapi, mbele au nyuma.

Baada ya hapo

Ngazi 1 ikidakwa mapema mara nyingi ni kusimama kurusha na kukimbia kwa wiki kadhaa mpaka miezi 3. Ufa ukishavuka mnaongelea miezi 6 au zaidi kabla ya kurusha kwa kasi kamili. Na hapa ndo wengi wanaharibu: maumivu yanaisha kabla mfupa haujapona. Wiki ya nne kijana hana maumivu kabisa, kocha ana mechi, mzazi anaona mtoto anaruka ruka, wanamrudisha. Kwa warushaji wa kasi MRI ya marudio, wiki 6 mpaka 12 hivi kutegemea ngazi, ndo inasema kama maji yamepungua, na irudiwe kwenye mashine ile ile kwa mpangilio ule ule, la sivyo mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Australia walienda mbele zaidi, wakawapiga MRI warushaji vijana mara kadhaa ndani ya msimu wakiwa bado hawaumwi, wakaona kung'aa kwa pasi kunatangulia jeraha lenyewe. Jasprit Bumrah wa India mwaka 2019 bodi yao ilisema ufa mdogo wa kiuno chake ulionekana kwenye ukaguzi wa kawaida wa picha. Mgongo huo ulimrudia 2022, akakosa Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, akafanyiwa upasuaji na kurudi Agosti 2023. Pat Cummins alianza mechi za Test, zile ndefu za siku kadhaa kati ya mataifa, akiwa na miaka 18 mwaka 2011, akachukua wiketi 7, yaani akatoa wapigaji 7, na kuwa mchezaji bora wa mechi, alafu mgongo na majeraha mengine vikamweka nje ya Test mpaka Machi 2017. Hao wana madaktari wa timu na mashine jirani. Klabu zetu haziwezi kumpiga kila kijana MRI mara nne kwa mwaka na sitaki mtu auze kiwanja kwa ajili hio. Kinachowezekana ni kuhesabu mipira. Daftari, kalamu, mipira mingapi kila siku, mazoezini na kwenye mechi, shule na klabu pamoja, maana kijana mmoja ana makocha wawili watatu na hakuna anaejumlisha. Wiki ikipanda ghafla kuliko alivyozoea, hapo ndo mfupa unaanza kuchoka.

Hilo daftari njooni nalo siku ya kipimo, pamoja na CD ya picha zozote za zamani hata zile mlizoambiwa ni safi. Ombeni CD, sio karatasi ya ripoti tu. Mara mbili nimefungua CD ya zamani ya mtu nikakuta kipande kimoja tu cha pembeni kabisa, cha mwisho kwenye mfululizo, kinang'aa kidogo upande wa kushoto.